Landrova Ndani ya Ulezi

Kilichoninyima usingizi wiki ile hakikuwa bei wala mnunuzi. Lilikuwa swali moja ambalo nisingethubutu kumuuliza mtu yeyote: tukishaliuza gari, mimi na baba tutaongea nini?

Mimi ni mtu wa kufikiria vitu mpaka vinachakaa. Mtu akiniandikia "sawa" kwenye simu, nabaki naitazama. Ni sawa ya kukubali, au ni sawa ya mtu aliyechoka na mimi? Ujumbe wa maneno matatu nausoma mara tano kabla ya kuutuma, na nikishautuma nausoma tena kutafuta nilipokosea. Chuoni wenzangu walinitania kwamba mtihani huwa naanza kuufanya nikishaukusanya. Walisema kweli.

Gari lilikuwa langu, na hapo ndipo tabu ilipoanzia. Baba alinipa siku niliporudi kijijini kwetu Msanzi na shahada yangu. Mama alikuwa amepika, wanajumuiya wamejaa uani, na baada ya sala baba alisimama. Watu wakanyamaza, maana si mtu wa kusimama. Akanyoosha mkono kuelekea bandani na kusema, "Lile, kuanzia leo ni lako, mama." Huniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Watu wakapiga makofi. Lile lenyewe lilikuwa landrova yenye umri mkubwa kuliko wangu, haina milango wala magurudumu, imekaa juu ya magogo manne, injini imefunikwa gunia la mbolea.

Toka siku hiyo, nikimuuliza lolote kuhusu gari, jibu lake lilikuwa hilohilo. Tupake rangi gani? Ni lako. Tuanze na breki au na gia boksi? Ni lako. Nami nikirudi mjini nilikuwa nalipima hilo "ni lako" kama mtu anayepima dhahabu. Je, alimaanisha fanya upendavyo? Au alimaanisha mzigo sasa ni wako, maliza?

Liliingia nyumbani nikiwa darasa la saba. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na lile gari lilikuwa limekaa miaka nyuma ya nyumba ya mapadri, majani yamelizidi kimo. Walipoamua kuliondoa, yeye ndiye aliyelitaka. Halikuwa na injini ya kuwaka, kwa hiyo jirani yetu alifunga ng'ombe wake wanne, wale wa kulimia, na kulivuta kwa minyororo mpaka kwetu. Baba alikaa kwenye usukani, bado amevaa tai ya shuleni, akikata kona kwa makini kama vile anaendesha. Mimi nilikimbia pembeni. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "ndiyo umeniletea mke mwenzangu?"

"Huyu hali ugali," baba akajibu.

"Atakula nini basi?"

Jibu tulilipata wote baadaye. Alikula muda.

Lazima niseme baba ni mtu wa namna gani, maana bila hilo swali langu litaonekana la kitoto. Shuleni alikuwa akiongea kutwa nzima, akifika nyumbani maneno yamemwishia. Kwangu alikuwa na maswali mawili. Asubuhi, "Umesoma?" Jioni, "Umekula?" Nikijibu ndiyo, mazungumzo yameisha. Sikuwahi kumwona kuwa mkali au baridi. Nilimwona tu kama nyumba ambayo madirisha yake yako upande wa pili.

Sasa chini ya gari alikuwa mtu mwingine. Alilala chali juu ya gunia, miguu imetokeza nje, mimi nimechuchumaa pembeni na sanduku la spana, na maneno yakaanza kutoka huko chini pamoja na vumbi la kutu. Alinisimulia kituo chake cha kwanza cha kazi, bondeni karibu na ziwa Rukwa, na jinsi alivyoteremka ukuta wa bonde kwa miguu akiwa na sanduku la bati kichwani. Alinisimulia kwamba hesabu zilimshinda mpaka akiwa mtu mzima, na kwamba miaka mitatu alifundisha hesabu akisoma somo la kesho usiku wa leo kwa hofu. Sikujua kwamba baba alikuwa mtu wa hofu. Nadhani alisema kwa sababu hatukuwa tunaonana nyuso. "Nipe kumi na saba," angesema katikati ya kisa, nami ningempa spana namba kumi na saba, na kisa kingeendelea.

Kila kifaa tulichokitoa alikipa namba. Vidogo alivifungia kikaratasi, vikubwa alivipaka namba kwa rangi nyeupe, kisha akaviandika vyote kwenye daftari kubwa kwa mwandiko wake wa ubaoni. Wanunuzi wa chuma chakavu walipoanza kuzunguka vijijini na mizani zao, na vitu vya watu kuanza kupotea, baba na mama walikaa wakaamua vifaa vihamie kwenye kihenge.

Kihenge cha mama ni ghala la fito lililokandikwa udongo, limeinuliwa juu ya mawe, limeezekwa nyasi, na humo anaweka ulezi. Kwetu chochote cha thamani huzikwa kwenye ulezi. Ukikauka vizuri hukaa miaka na miaka bila kuliwa na wadudu, na kilichomo ndani yake hakipati unyevu. Vyeti vyetu vya ubatizo vimo humo, ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa hiyo haikuonekana ajabu kwa mtu yeyote kwamba kabureta pia iingie.

Kosa lilikuwa la baba. Mwaka wa kwanza alivipaka vifaa grisi ya kutosha, halafu akavizika vivyo hivyo, bila kuvifunga. Miezi michache baadaye jumuiya ilisali kwetu, na mama akawapa wageni uji wa ulezi. Mzee mmoja alionja, akatazama ndani ya kikombe, akaonja tena.

"Mama mwalimu," akasema taratibu, "uji wako leo una mwendo."

Walicheka mpaka sala ya kufunga ikachelewa. Toka siku hiyo kila kifaa kilifutwa, kikafungwa kwa kitambaa, kikatiwa kwenye mfuko wa sukari na kushonwa. Mama mwenyewe ndiye aliyeshona.

Nilipomaliza chuo sikupata kazi niliyoisomea. Nilipata nafasi kwenye duka la steshenari Sumbawanga mjini, ambako nawajazia watu maombi ya kazi kwenye mtandao. Naandika sifa za watu kutwa nzima. Jumamosi nilikuwa napanda basi la Matai, nashuka Msanzi, navaa ovaroli ya zamani ya baba, na tunaingia bandani. Lakini kazi haikusogea. Mwezi wa pili tulikaza drumu ya breki, ile ya nyuma ya kushoto, nakumbuka vizuri kwa sababu nilikaza mwenyewe. Mwezi wa tatu nikaikuta iko wazi tena. Baba alisema kulikuwa na mlio. Sikuuliza ni mlio gani kwa gari lisilotembea. Nilidhani kuna jambo la ufundi nisilolielewa, na nikaongeza hilo kwenye orodha ya vitu nisivyovielewa.

Jumapili nilikuwa nasali na wazazi kwenye kigango chetu, kanisa dogo la kijiji tunakokusanyika padri akiwa mbali, na anayetuongoza ni katekista. Ibada ikiisha alikuwa akisimama mlangoni kusalimia watu, na akinifikia mimi alikuwa na swali moja.

"Gari limefikia wapi?"

"Bado, katekista."

"Bado?"

"Bado kabisa."

"Mungu ni mwema," alikuwa akisema, na uso wake unachangamka.

Nililibeba hilo tabasamu mpaka mjini kila wiki. Nilielewa kwamba ananicheka. Msomi mzima, hana kazi, hana gari, hana alichomaliza ila shahada. Ikafika mahali nikawa natoka kwa mlango wa pembeni, ule wa wanakwaya, na mimi siimbi.

Mnunuzi alikuja dukani kuchapisha fomu. Alikuwa mzee wa Mbeya, mstaafu wa kazi za barabara, aliyejenga nyumba huko Mollo na kufungua gereji ndogo nyuma ya nyumba yake, ya kufufua magari ya zamani kwa starehe tu. Nilipogeuza kompyuta aihakiki, aliona picha ya gari letu niliyoibandika pembeni ya skrini.

"Gari hilo liko wapi?"

"Nyumbani, mzee. Msanzi. Halijaisha."

"Sijauliza kama limeisha, binti yangu. Nimeuliza liko wapi."

Baada ya wiki moja alirudi, akasema anataka kulinunua kama lilivyo, vifaa vyote. Nilimwomba muda wa kufikiri. Maskini hakujua alichokuwa anatoa.

Sababu za kuuza zilikuwepo, na moja ilikuwa nzito. Mwezi wa sita, baridi ya kwetu ilipokaza na ule upepo usiokoma, baba alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya banda na kuamka na kikohozi kilichomkaa wiki tatu. Alikuwa amestaafu, mgongo wake umekuwa wa kuinuka kwa awamu. Yule mzee wa Mollo alikuwa na shimo la kusimama chini ya gari na mashine ya kuinulia injini. Angelimaliza. Sisi tusingelimaliza. Haya yote niliyajua mchana kweupe, lakini yalikuwa yanafika kwenye lile swali na kusimama.

Nilimpigia baba.

"Baba, kuna mzee anataka kulinunua gari."

Nilisikia kuku wa mama.

"Anaonekana fundi?"

"Anaonekana."

"Basi," akasema. "Ni lako."

Nilichukua karatasi nikaandika "Basi", na chini yake maana tatu zinazowezekana. Mama ndiye aliyeniokoa, kwa kunipigia siku ya pili yake bila salamu ndefu. Ulezi ulikuwa umeshavunwa, umepurwa, unaanikwa, na yeye alitaka kusafisha kihenge.

"Amueni kabla sijamwaga ulezi mpya," akasema. "Nikishamwaga, mtu asije kuniambia nitoe gia boksi. Mpaka mwakani."

Nikamwambia mzee wa Mollo aje Jumamosi. Nilimwambia aje kuliangalia tu. Neno kuuza sikulitamka, ili nibaki na mlango wa pembeni.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini nikaenda nyumbani. Mama aliingia kihengeni mwenyewe, akichota ulezi wa zamani kwenye magunia, na kila alipogusa kitu kigumu alinipitishia mlangoni. Paa lilikuwa limetoboka upande mmoja, mwanga ukimwangukia begani. Nilikata nyuzi za mifuko, nikafuta, nikapanga vifaa juu ya turubai kufuata daftari, na baba alisoma namba kwa sauti ya darasani. Vilikuwa vizuri kuliko nilivyokumbuka. Havikuwa na kutu hata kidogo. Vilinukia ulezi.

"Ishirini na nne mpaka ishirini na saba, ringi," akasoma.

"Zipo nne, ziko bandani."

"Ishirini na nane." Kidole chake kikashuka mstari mmoja. "Ishirini na tisa, kabureta."

"Umeruka, baba. Ishirini na nane ni nini?"

Baba alivua miwani akaifuta. Mama alitoa kichwa nje ya kihenge, nywele zina vumbi la ulezi.

"Mwalimu, si useme. Ringi ya tano iko kigangoni."

Ndipo nikaelezwa jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kinalijua isipokuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa chuo lilipotokea. Kengele ya kigango chetu ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti wa mkaratusi, kama ilivyo vigango vingi. Ya zamani ilikuwa ya lori, ikaibwa na watu wa chuma chakavu. Jumapili mbili watu walichelewa sala, na mtu mmoja akakaribia kuzikwa bila kijiji kuitwa. Baba alitoa ringi ya akiba ya landrova, akamkabidhi katekista, na kusema wataitumia mpaka gari litakapokamilika. Siku gari likiisha, ataifuata.

"Kwa hiyo katekista anaponiuliza gari limefikia wapi..." nikaanza.

"Maskini yule," mama akasema. "Hajui awaombee mmalize au aombe msimalize."

Nilikaa chini kwenye kona ya turubai. Nilihesabu Jumapili nilizotoka kwa mlango wa wanakwaya, nikaona aibu, halafu nikacheka, na baba naye akacheka kidogo, ile ya puani. Lakini tatizo lilikuwa palepale. Mnunuzi alikuwa ameambiwa vifaa vyote, kwa namba, na ringi za aina ile si rahisi kuzipata tena.

"Tufanyeje, baba?"

Nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo.

Mzee wa Mollo alifika Jumamosi asubuhi, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Lori lake dogo alilazimika kuliacha kwenye lami, kwa kuwa kalavati la njia ya kwetu lilikuwa limebomoka. Alisalimiana na baba kwa heshima za wazee, akakataa chai kwanza, akaingia bandani. Hakuwa na haraka. Aligonga chesisi kwa kidole, akanusa injini, akapitisha mkono kila mahali kama daktari wa ng'ombe. Alipofika kwenye drumu ya nyuma ya kushoto alisimama, akatoa tochi.

"Mzee mwenzangu, gari hili lilitembea lini mara ya mwisho?"

"Tangu lifike hapa halijatembea," baba akasema.

"Mbona nati hizi zimelika kona kama za basi la kila siku? Hizi zimefunguliwa na kufungwa. Mara ishirini, thelathini. Na hizi za mbele hivyo hivyo."

"Kulikuwa na mlio," baba akasema.

"Mlio? Kwa gari lililosimama?"

"Mlio mdogo."

Baba aligeuka akatazama nje, upande wa mashamba, ambako hakukuwa na kitu ila mabua. Mimi nilimtazama kisogo. Nilizoea kutafuta maana tatu za kila neno lake, na kwa mara ya kwanza sikuwa na za kuchagua. Ilikuwa moja. Nilikuwa nakaza Jumamosi, na katikati ya wiki, mtu mwenye mgongo ule alikuwa analala tena kwenye sakafu ile, peke yake, analegeza. Ili Jumamosi tuwe na kazi.

Mzee wa Mollo alikuwa ameshika daftari, anapita juu ya turubai namba kwa namba, na akafika alipopaswa kufika.

"Ishirini na nane siioni."

Wakati huohuo katekista aliingia uani. Habari zilikuwa zimemfikia, sijui kupitia nani. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," tukaitikia.

"Nimepita tu," akasema. Akanitazama mimi. "Gari... limefikia wapi?"

Ningeweza kuomba muda. Huwa naomba. Ningeweza kusema tutaangalia, tutawasiliana. Badala yake nilisikia sauti yangu, si kubwa, ikisema, "Linauzwa, katekista. Namba ishirini na nane haiuzwi. Inabaki kigangoni."

Mzee wa Mollo alishusha daftari. Nikamweleza, kuanzia lori mpaka mkaratusi, na nikamwambia kama hawezi kulichukua bila ringi hiyo nitaelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnataka niwanyang'anye Wafipa kengele ya kanisa, halafu nilale salama?" akasema. "Si radi itanifuata mpaka Mollo?"

"Hapo inategemea na wewe unavyolala," baba akamjibu, na wote wawili wakacheka ule utani wa kutuma radi ambao sisi Wafipa huupata kila tuendako.

"Mimi ni mlokole, mzee wangu. Lakini kengele ni kengele. Nitachonga ringi ya tano, au nitazeeka na nne." Akamgeukia katekista. "Vaa kofia, mtumishi, kuna baridi."

Katekista aliivaa. Alitaka kusema jambo, akaishia kumwambia mama kwamba ulezi wa mwaka huu umeonekana mzuri.

Tulifunga magurudumu manne, tairi kuukuu tukazijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, kwa zamu, mpaka mzee wa Mollo akavua koti. Vifaa vikapakiwa nyuma. Tukakubaliana tuandikishane kule barabarani, gari likishapanda lori, kwa kuwa alitaka kuona kama magurudumu yanazunguka. Jirani yetu yuleyule alileta ng'ombe. Si wale wa mwanzo, ni watoto wao.

"Mwalimu," akasema akifunga mnyororo, "gari lako limekuja kwa ng'ombe na linaondoka kwa ng'ombe. Mafuta litayaonea Mollo."

Baba alipanda kwenye usukani. Safari hii hakuwa na tai. Nilijiandaa kutembea nyuma, kama nilivyozoea kutembea nyuma ya mambo, lakini mama alikuwa ameshageuza debe na kuliweka mahali pa kiti cha abiria.

"Panda," baba akasema.

Ng'ombe walivuta. Mnyororo ukakaza, gari likatetemeka, na miguu yangu ikahisi ardhi inapita. Sikuwahi kuwa ndani yake likitembea. Baba alitazama mbele. Nami nilitazama mbele. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega, hatuonani nyuso, na nikaona kwamba kama sitauliza sasa sitauliza kamwe.

"Baba."

"Mm."

"Tukishaliuza, tutaongea nini?"

Alikata usukani kukwepa shimo, taratibu, mikono miwili.

"Kwani kabla ya gari tulikuwa hatuongei?"

"Ulikuwa unaniuliza kama nimekula."

Akafikiri.

"Na ulikuwa umekula?"

"Nilikuwa nimekula."

"Basi tulikuwa tunaongea."

Nilicheka mpaka debe likayumba. Yeye hakucheka, lakini niliona shavu lake likihangaika. Tulipita shamba la jirani, tukapita kigango. Ringi ilikuwa inaning'inia pale kwenye mkaratusi, namba nyeupe, ambayo sikuwahi kuiangalia, bado inasomeka. Baba aliitazama mpaka tukaipita.

"Ule mlio," akasema, "ulikuwa mdogo kweli."

"Najua."

"Hukujua."

"Nimejua leo."

Ng'ombe walipanda kile kilima kidogo cha mwisho kabla ya lami. Nikamwambia nitakuja Jumamosi ijayo.

"Kufanya nini?"

"Paa la kihenge limetoboka. Mama hawezi kumwaga ulezi hivyo."

"Nyasi zinataka kukatwa mtoni kule chini," akasema. "Ni kazi ya Jumamosi mbili. Tatu, kama tutazichambua vizuri."

"Tutazichambua vizuri."

Barabarani lilipandishwa kwenye lori kwa mbao mbili na mikono ya wapita njia. Magurudumu yalizunguka bila mlio wowote, na mzee wa Mollo alimtazama baba. Karatasi ya mauziano iliwekwa juu ya boneti la lori, katekista akiwa shahidi. Niliisoma mara mbili, siyo tano. Niliongeza kwa mkono wangu, "isipokuwa ringi namba ishirini na nane," nikachora mstari chini yake. Kalamu ilikuwa ya baba, nyekundu, ile ya kusahihishia. Alipokuwa akinipa alisogea karibu na kuuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kama nimekula.

Nikasema bado, nikasaini.